Fundi Sponji na Figo Zilizogoma

Saa mbili na nusu asubuhi. Fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima unamwita Sponji, amepiga goti mbele ya kochi kuukuu. Anang'oa misumari kwa koleo. Amevaa glavu nene za ngozi.

"Zamani niliziona glavu ni za waoga," anasema.

"Maji!" mkewe anaita kutoka ndani.

"Nimekunywa!"

"Umekunywa au umeyaangalia?"

Anacheka, anachukua chupa na kunywa.

Msumari wenye kutu wa kochi kama hili ndio uliomchoma kidole gumba. Alifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Mkono ulipovimba, alimeza dawa za maumivu kwa sababu mteja alikuwa anahamia nyumba mpya. Siku chache baadaye alianza kutetemeka na kuongea ovyo.

Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari alimweleza mkewe kuwa maambukizi yameenea mwilini kupitia damu, presha imeshuka sana, na figo zimegoma. Akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

"Daktari akasema tusubiri mkojo," anasimulia mkewe. "Ukirudi, figo zinaamka. Usiporudi, huenda akaishi kwa mashine."

Baba yake Sponji, ambaye hakuweza kusafiri, alimpigia mkewe simu kila siku.

"Mimi na baba mkwe tunaheshimiana. Ningeanzaje kumtajia mkojo? Nikawa namwambia, 'Baba, tunasubiri.' Anauliza, 'Mnasubiri nini?' Namjibu, 'Tunasubiri tu, baba.'"

Hata katika maombi aliona haya kulitaja neno lenyewe. "Mwisho nikasema, figo kaziumba Mungu, haya ya nini? Nikaomba mkojo, nikautaja kwa jina."

Wiki ya pili, muuguzi alimwita mke aone mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia kitandani. Ndani yake kulikuwa na mkojo kidogo tu, rangi ya chai ya rangi. Alitoka koridoni, akampigia mzee simu yeye mwenyewe.

"Baba, amekojoa!"

Sauti ilijaa korido nzima. Watu waliokuwa wakisubiri wagonjwa wao wakapiga makofi. Mzee akasema: "Asante, mwanangu. Mwambie akojoe tena."

Baada ya kusafishwa damu mara sita, mashine ilisimamishwa kwa majaribio. Sponji alirudi nyumbani bila kujua kama ataihitaji tena. Juzi alikwenda na mkewe kuchukua majibu ya damu yaliyokuwa yaamue hilo.

"Njiani tuliomba," anasema. "Kila mtu kivyake."

Daktari aliwaambia figo hazijarudi zote, ila zinatosha. Mashine basi. Dawa za maumivu za kujinunulia, marufuku. Kazi ni nusu siku, na vipimo vitaendelea. Zamani alimaliza makochi manne kwa mwezi. Sasa ni mawili.

Kazi moja, hata hivyo, ameshaiombea ruhusa hospitalini, na amekubaliwa. Anataka kuyawekea sponji na ngozi ya kufutika mabenchi ya mbao yaliyo nje ya chumba cha wagonjwa mahututi.

"Mimi nililala kitandani, sikujua lolote," anasema. "Huyu mke wangu alikaa kwenye mbao wiki mbili, na mgongo wake unanisomea mashtaka mpaka leo."

"Na bado haujamaliza," mkewe anajibu.