Daftari Nililomnyima Kabula

Msimu wa mavuno nyumba yetu ya kijijini Kimali ilinuka pamba. Tuliimwaga kwenye chumba cha watoto mpaka ikafika dirishani, ikisubiri mnunuzi, nasi tukalala juu yake. Ina harufu ya vumbi na majani yaliyokaushwa na jua, na inawasha shingoni balaa. Ukiniuliza Kiingereza nilijifunzia wapi, nitakwambia ni humo, nimekaa juu ya pamba na daftari mapajani, nikiimba go, went, gone, eat, ate, eaten, huku mdogo wangu akinicheka kwamba nimeanza kusali kwa lugha ya mizimu.

Nilikuwa darasa la saba. Kabula, mtoto wa jirani, alikuwa mwenzangu wa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mwaka huo mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja kutoka Tanga ambaye hakuona haya kutuambia kwamba Kiswahili chetu kinakwaruza, alitangaza kambi: watakaochaguliwa watalala shuleni wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho. Nafasi ya msichana ilibaki moja tu, na angeipata atakayetaja vitenzi vingi zaidi vya wakati uliopita bila kukosea. Vitabu havikuwepo. Aliandika vitenzi mia moja ubaoni wiki nzima, sisi tukanakili. Wiki hiyo Kabula alikuwa shambani kwao anachuma pamba. Baba yake alishamwambia mwalimu mbele yetu, "Akipata hiyo kambi, atasoma. Akikosa, abaki nyumbani." Na kwetu kila mtu alijua maana ya kubaki nyumbani: ng'ombe wanaletwa, binti anaondoka.

Jumamosi alasiri akaja kuazima daftari, vidole vimechanwachanwa na maganda ya pamba. "Minza, niazime mpaka kesho tu, nikishanakili nakurudishia." Jamani, nisijidanganye, Kabula alikuwa na kichwa chepesi kuliko changu. Neno akilisikia mara mbili limekaa. Nilijua nikimpa tu, kambi ni yake. Nikamwambia ndama amelitafuna. Eti akanipa pole mimi! Akauliza kama mama amenichapa. Daftari lilikuwa chini ya pamba, hatua mbili kutoka alipokaa. Kisha akaniomba nimtajie ninavyovikumbuka. Nikamtajia kumi na viwili, nikasema vingine vimenitoka. Alivirudia mpaka akavishika, akashukuru, akaenda zake huku anavitamka.

Jumatatu tulisimama mbele ya darasa. Kabula alitaja vile kumi na viwili bila kosa hata moja, halafu akaishia hapo. Mwalimu akasubiri. "Endelea, mwanangu," akamwambia. Kabula akatikisa kichwa, akarudi kukaa, akaivuta sketi yake mpaka chini ya magoti. Mimi nikavitaja vyote mia. Darasa likanipigia makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa yeye. Niliporudi kutoka kambini nikakuta kwao kuna ng'ombe wageni zizini. Kabula alikuwa ameshaolewa, amepelekwa upande wa Mkula. Mama akaniambia habari hiyo huku anapepeta mtama, na mimi nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyenituma.

Leo nafundisha Kiingereza sekondari hapa Bariadi. Wanafunzi wangu wana vitabu, wana simu zinazowatamkia kila kitenzi, na bado wananiambia somo ni gumu. Huwa nawagombeza, halafu naona aibu, maana kwa kusoma kwangu mtu mwingine alilipa. Mwezi uliopita Kabula alikuja kwangu. Amekonda, meno mawili ya mbele hana, na tuna umri mmoja. Alikuja na binti yake aliyefaulu darasa la saba, anaomba akae kwangu asome. Nikasema karibuni. Nikataka kumwambia na lile la daftari. Haki ya Mungu nilitaka, lakini nikajikuta nawauliza kama wamekula.

"Shangazi zake walimtaka akae kwao," Kabula akasema, anamtengenezea binti kola ya shati. "Nikakataa. Nikamwambia, twende kwa Minza. Yule hata kama ana kidogo, atakugawia."

Binti akapiga goti kunisalimia. Nikamwitikia, nikachukua begi lake nikaliingiza ndani, nikakaa huko chumbani mpaka waliponiita.