Madigadi ya Kushoto ya Mzee Nyakundi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Msicheke. Nilikuwa nimeambiwa nimepata kazi ya karani wa stoo, na kwa akili zangu za shule nikawaza meza, daftari na kalamu mbili. Stoo yenyewe ilikuwa banda nyuma ya gereji moja mjini Kisii, limejaa milango, boneti na mabuti ya magari ya zamani hadi darini. Kufika saa nne viatu vyangu vilikuwa vyeusi kwa grisi.

Foramani, mkuu wa mafundi wa bodi, alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mpole wa sauti, na asiyesahau kosa. Alinipa sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa.

"Nyathina," aliniambia, ndivyo kwao wanavyomwita mtoto, "weka hii kwa mfuko. Mtu akikuletea mlango inang'aa, usiangalie rangi. Pitisha hii pole pole. Pahali inakataa kushika, hapo hakuna bati. Hapo ni fila tu."

Fila ni ule uji mzito ambao mafundi hujazia mabonde na matundu ya bodi. Ukikauka na kupakwa rangi, macho hayaujui. Sumaku inaujua.

Kuchagua bati la gari la zamani kuna njia tatu, na kila moja ina kero yake. Lipo bati jipya, linalotengenezwa ng'ambo kwa kuiga lile la kwanza. Limenyooka vizuri, lakini mara nyingi ni jembamba, na fundi akiligonga linaruka au linapasuka. Lipo la kutoa kwenye gari lililokufa. Hilo ni nene na linatii nyundo, ila kutu huanza kula kwa ndani, kwa hiyo lazima uinamie mikunjo na matundu ya bolti bila kuogopa kuchafuka. La tatu ni la kufinyanga kwa mkono, na hapo unategemea fundi ameamka vipi.

Baada ya miaka kadhaa meneja wa gereji alinipeleka tawi letu la Keroka. Huko ndiko nilikogundua kwamba nusu ya bodi za magari ya zamani za Gusii haziko gereji, ziko nyumbani kwa watu. Boneti inaanikiwa nafaka ya wimbi. Mlango unafunga zizi la ndama. Nikawa naingia boma la mtu na kukagua banda la kuku kabla hata ya kusalimia, hadi wengine wakaanza kunishuku. Niliporudi Kisii nilikuwa Mkuu wa Stoo, na kichwa kilikuwa kimevimba.

Ndipo akaja Mzee Nyakundi, karani mstaafu wa kituo cha kununua majani ya chai, na gari lake dogo aina ya salun, la rangi ya krimu, alilolinunua ujanani.

"Mama, macho yangu inafunga," alisema. "Daktari ameniambia ni presha ya macho, na yenye imeenda hairudi. Nataka nione hii gari ikiwa mzima mara moja tu, kabla giza haijafika."

Foramani alivuta kamba kutoka pembe hadi pembe ya gari, namna mafundi wanavyopima kama bodi imekaa sawa. Pua ya gari ilikuwa imevutwa kidogo kushoto.

"Mzee, hii ilipinda kitambo. Tuinyooshe kwanza."

"Hapana, tafadhali. Hapo ndipo Moraa aligonga nguzo ya kituo siku ya kwanza nikimfundisha kuendesha. Alilia, halafu tukacheka mpaka jioni. Mwache hivyo hivyo."

Moraa alikuwa mkewe, na alikuwa ameshazikwa. Hakuna aliyezungumzia tena kunyoosha.

Madigadi ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu la mbele, yalikuwa yameoza kuzunguka taa. Niliagiza mapya kutoka Nairobi. Sasa, Foramani alikuwa na sheria moja niliyoijua tangu enzi za viatu vyeupe: bati kuukuu halitoki gereji hadi jipya liwe limefungwa. Lakini stoo ilikuwa imejaa, watu wa vyuma chakavu walikuwa langoni, na mimi nilikuwa Mkuu wa Stoo. Nikawapa yale ya zamani kwa mkono wangu mwenyewe.

Mapya yalifika mazuri ajabu. Tulipoyafunga, mwanya kati yake na mlango ulikataa kukaa. Juu ukucha haukuingia, chini kiganja kizima kilipita. Yalitengenezwa kwa gari lililonyooka, na hili halikuwa limenyooka. Foramani alijaribu kuyabembeleza kwa nyundo, yakawa yanaruka tu.

"Iko wapi ile ya zamani?" aliuliza.

"Nilitoa."

Hakupiga kelele. "Hiyo ndiyo ilikuwa ramani yetu," alisema, akaenda kunawa mikono kama mtu aliyemaliza kazi ya siku, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Afadhali angenitukana.

Mzee Nyakundi alikuja kukagua. Kwa kuwa macho yalishafifia, alianzia kwenye buti na kupitisha mkono ubavuni mwa gari, taratibu, hadi kwenye mwanya ule. Mkono ukasimama.

"Hapa ni gari ya mtu mwingine," alisema.

Nilimwambia kosa ni langu, nikamweleza nilivyofanya. "Basi tafuta, mama. Lakini fanya haraka." Alipoondoka niliingia stoo nikalia katikati ya boneti zangu.

Nilitafuta majuma saba. Suneka sikupata, Keroka sikupata, yadi zote nilizozijua zilikuwa na ya kulia tu. Ya kushoto niliyaona hatimaye huko Magwagwa, juu ya banda la kuku la bibi mmoja mkulima. Nilipitisha sumaku kuanzia mwanzo hadi mwisho ikashika. Nilichungulia ndani, kutu ilikuwa ya juu juu tu.

"Kuku yangu imezoea hiyo," alisema bibi.

"Mama, nitakuletea mpya. Haijawahi kuona mvua."

Nilimpelekea yale ya Nairobi. Aliyagonga kwa ukucha, akanitazama kwa huruma. "Mbona nyembamba hivi? Kicheche ikiruka hapa juu si itabonyea?" Alikubali baada ya mimi kupanda na kuyapigilia misumari mwenyewe, nikiwa na sketi ya kazini.

Foramani alifanya kazi siku tisa, akigonga kidogo, akifunga, akifungua, hadi bati lile nene likafuata upinde wa Moraa. Tulipolitoa gari juani, Mzee Nyakundi aliletwa na binti yake. Alisogea karibu sana, akageuza kichwa huku na huku.

"Naona krimu," alisema. "Krimu tu."

Umbo hakuliona. Yale majuma saba, macho yake yakizidi kufunga, yalikuwa kosa langu, na sijapata namna ya kuyasema yakawa madogo. Aliweka mkono kwenye buti, akaupitisha ubavuni hadi kwenye taa.

"Sasa hii ndiyo yetu," alisema, akaniomba niingie wazunguke na mimi mjini.

Nimestaafu sasa, naishi nje kidogo ya Keroka. Vijana wa gereji hunionyesha mabati kwenye simu na kuniuliza, "Mama Stoo, hii iko sawa?" Nawajibu kwamba picha haijui gari lako liligonga wapi. Pia nawaambia ile sheria ya Foramani, wananijibu ndiyo, ndiyo, kama nilivyokuwa nikijibu mimi. Sumaku bado iko kwenye mkoba wangu pamoja na Biblia.

Mzee Nyakundi tunasali naye kanisa moja, na sasa haoni kabisa. Kila Sabato binti yake huegesha gari uani, naye hushuka, husogea nyuma hadi kwenye buti, kisha hutembea kuelekea mbele akipitisha mkono kwenye bodi. Nami husimama mlangoni mwa kanisa nisiingie kwanza. Mkono hupita mlango wa nyuma, hupita mlango wa mbele, hufika kwenye mwanya wa madigadi ya kushoto. Haujasimama hata siku moja.