Maharagwe ya Mama Kule Kabras

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya palizi ambayo hainitoki akilini, ingawa nimehama miji mingi tangu wakati huo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina nguvu, nina majivuno. Mama yangu, mjane, alikuwa na kipande kidogo cha shamba kule Kabras, udongo mwekundu uliochoshwa na miwa. Maharagwe yake yalikuwa mafupi, lakini yalishaanza kutoa maua. Hayo ndiyo tuliyoyategemea hadi mwisho wa mwaka.

Mama alipokwenda sokoni Lubao, nikaamua kumfurahisha. Nikapalilia kwa jembe, nikichimba sana hadi karibu na mashina. Majirani walikuwa wakikwangua juu juu tu. Mimi nikawaona wavivu.

Aliporudi saa nane, jua kali, mistari yote ilikuwa imenyauka.

"Shikuku, ulikuwa unachimba choo hapa?"

"Nilitaka yapate nafasi, Mama."

Akang'oa mche mmoja wa pembeni ambao sikuwa nimeufikia. Mizizi yake haikushuka chini. Ilitambaa kando, karibu kabisa na juu, myembamba kama nyuzi, mingi ajabu.

"Ona. Huko chini hakuna kitu. Chakula kidogo kiko hapa juu, penye majani yaliyooza, na haya maharagwe yanajua. Ndiyo maana sisi tunakwanguanga tu. Ungeuliza hata mtu mmoja!"

Tulivuna sufuria moja. Miezi iliyofuata tulikula obusuma, ugali wetu, kwa mboga za majani, na Mama hakulitaja lile shamba hata mara moja. Nikashindwa kumtazama. Nikaondoka, nikisema natafuta kazi.

Nimepanga vyumba Eldoret, Thika, Voi. Mama alipalilia peke yake miaka yote hiyo, na habari ya kifo chake niliipata kwa simu. Hadi leo nikiagiza maharagwe hotelini, nakula nikitazama ukuta.

Mwanangu, ukimkuta mtu anaishi mahali pagumu, usikimbilie kumrekebisha. Muulize kwanza anaishije, maana huenda unachokiona udhaifu ndicho kinachomlisha. Na ukikosea, baki. Mama hakunifukuza, ni aibu yangu iliyofunga mzigo.

Mungu akujalie mtu wa kumuuliza, na akupe moyo wa kukaa naye meza moja hata baada ya kumkosea.