Mfunga Majukwaa

Kabla fundi yeyote hajapanda, mfunga majukwaa huning'inia kwanza yeye mwenyewe kwenye kila boriti, uzito wake wote, sikio lake kwenye kamba. Viganja vyake vimesuguliwa na katani hata vikawa vigumu kama vifuu. Hapigi kelele. Ajaye na champali miguuni humwambia taratibu, "Vua, ndugu yangu, ubao hauna huruma," wala hampishi mpaka azivue. Mafundi wa hoteli ile inayojengwa Shanzu hunung'unika kwamba anawachelewesha, na mkewe, Mwanatatu, auzaye mahamri na mbaazi langoni, huyasikia manung'uniko hayo.

Asubuhi moja ya mwaka huu wa themanini na saba upepo ulivuma ghafla, mbao za juu zikaanza kupeperuka. Wote walishuka mbio isipokuwa Kalama, mpiga lipu, aliyekumbatia boriti ya juu kabisa, macho kayafumba. Mfunga majukwaa akapanda. Akamfunga kamba kiunoni, ncha akaizungusha kwenye boriti, kisha akamshika kifundo cha mguu, wakashuka akimwekea mguu baada ya mguu. "Usitazame chini, Kalama. Nisikilize mimi. Haya, sasa wa kushoto." Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku. Jukwaa lilialika, mbao zikilia, lakini hakuna fundo lililoachia. Walipofika chini Kalama alikaa mchangani akalia, na hakuna aliyemcheka.

"Nani yule?" akauliza fundi mmoja mgeni pale langoni, akimwonyesha mfunga majukwaa kwa kidole.

Mwanatatu akatua upawa, akaikaza leso yake.

"Mume wangu yule," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.