Kilo Sita za Mama Limi

Mwaka juzi mwezi wa kumi, Bhoke alirudi kutoka hospitali mjini Shinyanga akiwa amenuna, akaweka kadi yake juu ya meza yangu ya vitenge na kuniambia nisome mwenyewe. Kadi ilisema kilo mia moja na kumi na sita. Chini yake daktari alikuwa ameandika kwamba ngiri ya kitovu itafanyiwa upasuaji uzito ukishuka chini ya tisini na tano. Nikamuuliza kama wamekataa kumpasua. Akasema hawajakataa, ila wamemwambia kwamba tumbo lenye mafuta mengi halishiki nyuzi vizuri, na dawa ya usingizi ni ya hatari kwa mtu wa uzito ule. Aende apungue, kisha arudi.

Bhoke ni mama lishe hapa Isaka, upande wa maegesho ya malori. Kwao ni Tarime. Aliolewa na Thobias, Msukuma anayefanya kazi ya ulinzi bandari kavu, na binti yao wa kwanza anaitwa Limi, ndiyo maana wengi humwita Mama Limi. Kibanda chake na meza yangu vinatazamana. Nimemjua kwa miaka tisa na sijawahi kumwona amekaa bure. Lakini ile ngiri ilikuwa imetokeza kama ngumi ya mtoto, na kila alipoinua sufuria la ugali ilimbana mpaka jasho jembamba likamtoka. Siku mbili kabla ya kwenda hospitali alikuwa ameliachia sufuria zima la maharage likamwagika mbele ya madereva. Mpishi asiyeweza kuipua sufuria hana kazi, na Bhoke hakuhitaji daktari wa kumweleza hilo.

Muuguzi alimshauri atembee, aanze kidogo na kila wiki aongeze kidogo. Bhoke hana simu ya kuhesabu hatua. Alichokuwa nacho ni nguzo za umeme zinazofuata barabara ya kwenda Kahama. Kesho yake alfajiri alitembea nguzo saba, akarudi ameshika kiuno, akakaa juu ya ndoo robo saa nzima. Akajiwekea sheria: kila Jumamosi nguzo moja inaongezeka, wala haipungui. Nguzo moja si kitu, aliniambia, hata mgonjwa anaweza kufika nguzo moja zaidi.

Mimi nilimcheka. Nasema ukweli kwa sababu yeye mwenyewe hajasahau. Nilimwambia ataishia nguzo ya kumi na viatu vyake atanirithisha mimi.

Kasheshe la kwanza lilitokana na alama. Ili asijidanganye, alichana kipande cha gauni lake la zamani, jekundu, akakifunga kwenye nguzo aliyofikia. Jumamosi iliyofuata akakihamisha nguzo ya mbele. Fikiria basi, kitambaa chekundu kwenye nguzo, kila wiki kinasogea kuelekea nyumba za watu, na huku ni Usukumani, ambako kitambaa kama hicho watu hukiita uchawi. Wiki ya tatu walikuja wazee wawili kwa Thobias kumuuliza kwa upole mke wake anatafuta nini. Thobias aliona aibu mpaka akashindwa kula. Tangu siku hiyo Bhoke alitumia chaki.

Maneno hayakuisha. Mama mkwe alileta maziwa ya mgando na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akasema mke akikonda anayesemwa ni mume. Madereva walimuuliza kama anaumwa, na mmoja akaenda kula kibanda kingine, eti mpishi anayekimbia chakula chake mwenyewe ana siri. Siku nyingine Bhoke aliwajibu, siku nyingine aliingia nyuma ya kibanda akalia, na mimi nikamshikia mwiko.

Mtu aliyemtia moyo kutushinda sote alikuwa mzee Ngassa.

Ngassa ananunua mpunga na mahindi, na ghala lake lina mizani ya chuma ya kupimia magunia. Bhoke hakutaka kupimwa zahanati, kwenye foleni ya kina mama na watoto wachanga, kila mtu akimwangalia. Akamwomba Ngassa apimwe kwake Jumamosi asubuhi kabla ghala halijafunguliwa, na mzee akakubali bila kinyongo. Jumamosi ya kwanza, wiki mbili tu baada ya hospitali, mizani ilisoma mia moja na tisa. Bhoke alikuja mbio mezani kwangu, kama mbio unaweza kuziita, akisema kilo saba zimekwisha kwa nguzo nane. Siku hiyo hakuna mtu Isaka aliyekuwa na furaha kumzidi. Ngassa aliandika namba ile kwa chaki ukutani nyuma ya mlango, na kila wiki akaandika nyingine chini yake. Alimtania kwa kumwita gunia lake la pekee linalopungua bila kutoboka.

Mvua za mwezi wa kwanza zilipomkatisha tamaa, wiki tatu hakutembea, akala chapati asubuhi na jioni, akaniambia basi, atakufa na ngiri yake. Ngassa alivuka barabara akiwa na mwavuli, akasimama mlangoni pa kibanda na kumwambia Jumamosi tatu ukuta haujaandikwa. Bhoke aliona haya. Siku iliyofuata alivaa mabuti ya Thobias na kurudi barabarani. Nguzo ya ishirini, ya thelathini. Gauni zake nikazipunguza mimi mara mbili kwa cherehani yangu. Mwezi wa saba, alipofika nguzo ya arobaini, ukuta ulisoma tisini na nne.

Alimpa Ngassa sahani ya wali na samaki bila malipo. Akafunga kibanda, akavaa gauni la kanisani na kupanda gari la Shinyanga.

Alirudi siku ile ile. Hospitali ilikuwa imesoma mia moja kamili, ikaandikwa kwenye kadi ya pili.

Alinieleza alivyogombana na muuguzi, akamwambia mizani yao imechoka. Muuguzi hakukasirika. Alimwonyesha stika ya ukaguzi ya watu wa vipimo wa serikali iliyobandikwa ubavuni na kumuuliza kama hiyo ya magunia inayo. Njia nzima ya kurudi alihesabu, na hesabu yake ilikuwa mbaya: ya kwanza kadi mia moja na kumi na sita, ukuta mia moja na tisa. Ya pili kadi mia moja, ukuta tisini na nne. Zile kilo saba alizozifurahia hazikuwahi kuondoka mwilini mwake.

"Labda mzee hajui kama imeharibika," alisema. Alitaka sana iwe hivyo.

Sasa mimi nilikuwa na mifuko mitatu ya saruji nyumbani, ya kujengea choo. Mfuko wa saruji ni kilo hamsini, kila mtu anajua, imeandikwa pale pale. Asubuhi yake niliupakia mmoja kwenye toroli nikasukuma mwenyewe, kwa sababu Bhoke haruhusiwi kuinua, na tukafika ghalani kabla ya kufunguliwa. Bhoke alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwomba atupimie saruji ile. Ngassa aliutazama mfuko, akanitazama mimi. Nikauweka juu ya mizani bila kungoja. Arobaini na saba.

Nitasema nilivyojisikia. Hasira ilinipanda, kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimemuuzia mzee huyu magunia manane ya mpunga juu ya chuma hicho hicho. Zamani tuliumizwa na lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likavalishwa kilemba. Mizani ilipokuja tukaona tumepona, tukaacha kabisa kuuliza.

Ngassa hakubisha. Alisema ghala lina hasara nyingi, panya, unyevu, nafaka inayomwagika njiani, na kila mnunuzi anajifidia kwa namna yake. Ataitengeneza. Kisha akamgeukia Bhoke na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkumbusha ndugu yake, "Mama Limi, wewe si umepungua? Nani alikufuata wakati wa mvua?"

Hilo lilimwingia. Niliona macho yake yakijaa. Mtu huyu alimfuata kweli na mwavuli wake, na hakuna aliyemlazimisha. Bhoke alisimama akitazama ule ukuta wa namba, na mimi nikadhani yamekwisha, tutarudisha saruji nyumbani na kunyamaza kwa sababu ya wema.

Lakini ilikuwa saa mbili, msimu wa mavuno, na nje mikokoteni ya ng'ombe ilikwisha panga foleni. Ngassa akafungua mlango kwa sababu hakuwa na namna. Mzee wa kwanza kwenye foleni, mwenye kofia ya manyoya, akaingia na salamu yake ya Kisukuma, mwangaluka, na kuanza kushusha gunia. Bhoke akamwomba asubiri kidogo. Akavua kandambili, akapanda juu ya mizani yeye, mbele za watu wote, yule yule ambaye miezi tisa nyuma hakuthubutu kupanga foleni zahanati. Akamwomba mzee wa kofia asome. Mzee akasoma tisini na nne. Bhoke akanipa kadi ya hospitali ya jana niisome kwa sauti, tarehe na namba. Nikasoma. Nikarudisha mfuko wa saruji juu ya chuma, nao wakausoma wenyewe.

Bhoke akashuka, akavaa kandambili.

"Mzee Ngassa, hukunitendea ubaya mimi," alisema. "Kilo zangu sita nitazifuata kwa miguu. Za hawa utazirudisha wewe."

Alitoka, na ilipofika jioni alitembea nguzo zake arobaini kama kawaida. Mimi nilibaki kwenye foleni pamoja na wenzangu, na sitasimulia yote yaliyosemwa pale, mengine hayafai kuandikwa. Watu wa vipimo walikuja siku ya tatu wakaifunga ile mizani. Ngassa aliongeza gunia moja kwa kila aliyekumbuka magunia kumi na mbili aliyouza msimu ule, na wengine tulikumbuka vizuri. Mimi sikufikisha kumi na mbili, akanipa nusu gunia. Bado ananunua nafaka, na mizani mpya ina stika. Watu wanaitazama stika kwanza, ndipo wanamwamkia.

Nilitegemea Bhoke ataacha. Mimi ningeacha. Siku ya nne nilimkuta amejilaza juu ya mkeka nyuma ya kibanda, nikakaa naye. Akaniambia jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. Alisema Jumamosi ile ya kwanza, kama mizani ingesema kweli, ingesoma mia moja na kumi na sita ile ile ya hospitali, naye angerudi nyumbani akala chapati na yasingekuwepo yote haya. Uongo ndio uliomtoa mlangoni. Nikamuuliza sasa nini kitamtoa.

"Nguzo," alisema. "Za shirika la umeme. Ngassa hajazigusa."

Ni kweli, tulikwenda kuzihesabu wote wawili: arobaini, hakuna pungufu. Mwanamke aliyeanza na saba na kukaa juu ya ndoo sasa alikwenda arobaini na kurudi huku akizungumza, na anayehema nilikuwa mimi. Kadi nazo zilikuwa mbili, za mizani moja, na kati yake zilipotea kilo kumi na sita za kweli. Alikuwa amezidharau kwa sababu alidhani ni ishirini na mbili.

Jumamosi iliyofuata alikwenda zahanati. Alipanga foleni nyuma ya mama mwenye mapacha, akapimwa, akatoka. Mia moja. Akafanya hivyo kila Jumamosi. Mwezi wa nane ilishuka kilo mbili, wa tisa haikushuka kitu, akanuna wiki nzima na kuongeza nguzo kama sheria ilivyosema. Mama mkwe alichoka kuleta michembe, akaanza kuuliza nguzo ya ngapi. Mimi nilikuwa nakwenda naye mpaka ya ishirini, nikimsubiri hapo kwenye kivuli cha mwarobaini, nisijifanye shujaa.

Mwezi wa kumi na moja, kwenye nguzo ya hamsini na saba, alisema yuko tayari. Safari hii nilimsindikiza mimi. Kwenye gari alikuwa ameshika zile kadi mbili mapajani na tumbo lake amelifunga kanga, maana ngiri ilikuwa inamuuma tangu usiku, na mimi nikaogopa kwamba wakimrudisha tena hatakuwa na nguvu ya kuanza upya.

Muuguzi alikuwa yule yule. Alimwomba avue viatu, asimame katikati, asishike ukuta. Bhoke alitazama juu darini, si kwenye namba.

"Tisini na nne," muuguzi alisoma.

Ilikuwa namba ile ile ya ukutani kwa Ngassa. Nilianza kupiga vigelegele nikajikumbuka niko hospitali. Bhoke hakutabasamu. Akashuka, akaomba kupanda tena, akapanda, ikasoma vile vile. Akauliza stika iko wapi, muuguzi akacheka na kumwonyesha ubavuni, chini kabisa karibu na sakafu. Bhoke akapiga magoti, akainama kwa shida huku ameshika kitovu, na akaisoma stika yote mpaka tarehe. Alipoinuka alikuwa analia.

"Sasa waambie wanipasue," alisema.