Kochi la Kumpokelea Mama wa Shirika

Nyumba yangu ya Kirumba niliijenga mwenyewe juu ya mawe ya mlima, na shule niliishia darasa la pili. Nayasema haya ili ujue anayeandika ni mtu wa namna gani.

Binti yangu alipata kazi kiwanda cha samaki, kukata minofu ya sangara. Mwanawe wa miaka miwili haruhusiwi kule, na mimi natengeneza mitumbwi. Mahali pangu pa kazi ni misumari na misumeno. Kituo cha kulelea watoto kipo, ila ada ilitushinda. Binti akasikia kuna shirika linalipia familia zenye kipato kidogo, akaomba. Wakasema atakuja mtu kuona tunavyoishi. Akitukataa, na kazi basi.

"Baba, mwache atukute tulivyo," binti akanisihi.

Mgeni akae kwenye benchi lenye tofali badala ya mguu mmoja? Kwangu? Nikapanda kwa jirani, mama muuza vitumbua, nikaazima kochi na zulia.

"Chukua, mzee, ila saa nne nalitaka." Hakusema analitakia nini. Vijana wawili wa mtaani wakalishusha katikati ya mawe huku wakinung'unika.

Mama wa shirika akaja, kumbe msichana mdogo tu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kochi!"

Akakaa, akalipapasa. "Mzee, mbona mnajiweza?"

"Sana!" nikajibu kwa raha zangu. "Sijawahi kuomba hata chumvi."

Binti yangu akanikanyaga kidole.

Hapo hapo jirani akaingia na wale vijana. "Shikamoo, mzee. Saa nne imepita. Kochi!"

"Subiri, nina mgeni."

"Na mimi nina mgeni! Kuna mama wa shirika anakuja kuona kama nastahili kulipiwa ada ya mtoto..." Akamwona aliyekaa.

Mama wa shirika akamtazama. "Wewe ndiye wa nyumba ya pale juu? Kwa hiyo ningekaa kwenye kochi hili hili?"

"Na zulia ungelikuta," jirani akasema kwa sauti ndogo.

Nani alianza kucheka, sijui. Mgeni alicheka mpaka akashika mbavu, mjukuu akaruka-ruka juu ya kochi, na vijana wakakaa chini kabisa. Kisha mgeni akahamia kwenye benchi, akamgeukia binti yangu: "Haya, dada, sasa nieleze." Akaelezwa yote, zamu mpaka mshahara. Mimi nilitazama dari. Kochi lilipopandishwa, zulia alilibeba mgeni mwenyewe.

Sijutii. Mgeni ni mgeni.

Wiki iliyofuata simu ikaita: watoto wa nyumba zote mbili watalipiwa. Binti akapiga vigelegele, jirani akamjibu kutoka juu, mbwa wa mlima mzima wakabweka. Asubuhi ya kuanza kazi binti alivaa buti zake nyeupe za kiwandani akiwa bado sebuleni, akacheza nazo, mtoto mgongoni anapiga makofi, mpaka nikapaza sauti: "We mama, utachelewa!"