Nyaya Ndani ya Usukani wa Mama

Injini ya pikipiki inayoishiwa mafuta hukohoa, hushtukashtuka, hubembeleza kidogo kabla ya kukata. Ya mama haikubembeleza. Ilizima ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno, na baada ya hapo ulisikia mlio wa mnyororo tu na mchanga chini ya matairi. Ukimya ule ndio ulioninyima usingizi karibu likizo nzima ya darasa la tano. Nilijiuliza swali moja, nikaligeuza na kulirudia: je, ni mama asiyejua kuendesha, kama walivyosema wanaume wote wa ofisini kwake, au ni nyaya? Na kama ni nyaya, mimi ni nani hata niseme?

Mama alikuwa bibi shamba. Katika mji wa Mpanda wa miaka ya tisini, wanawake waliokaa mbele kwenye pikipiki ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Ofisi ilimpa pikipiki si kwa kumpenda, bali kwa kuwa hakuna mwanamume aliyetaka vijiji vya upande wa Sitalike, ambako mbung'o hukuuma hata juu ya shati zito. Pikipiki yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mrefu. Mama ni mfupi, na ili afikie usukani alilazimika kuinama kama anayeosha vyombo kwenye beseni. Alirudi jioni akijikanda kiuno kwa maji ya moto, nyumba nzima ikinuka dawa ya kuchua. Mwishowe akaagiza usukani mwingine kutoka Dar es Salaam, wa juu zaidi, uliopinda kurudi nyuma, unaong'aa kama kijiko cha harusi.

Aliyeufunga ni Fundi Masanja, mwenye kibanda karibu na stesheni ya reli. Alikuwa na sifa kubwa mjini, na mpaka leo sijui aliipata wapi. Nadhani aliipata kwa kuongea. Usukani wa juu ulihitaji nyaya ndefu kuliko zile za zamani, na fundi wa kweli angeziunga vizuri kwa risasi ya kuyeyusha, akazipitisha nje ya bomba na kuzifunga kwa vipande vya tyubu kama zilivyokuwa. Masanja hakuwa na haja na hayo. Alitoboa bomba kwa keekee, tundu moja kila upande karibu na mshikio na moja katikati. Kingo za matundu zilikuwa kali kama mdomo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu, naye hakuzipiga tupa wala hakuweka mpira wa kukinga. Akasokota ncha za nyaya kwa vidole, akazivika tepu nyeusi, kisha akazivuta zote ndani ya bomba kwa kamba ya breki ya baiskeli.

Mama alimuuliza, "Fundi, mbona umezificha?"

"Mama Yusta," akasema, huku akifuta bomba kwa kitambaa, "umewahi kuona ng'ombe anatembea na utumbo nje?"

Wateja wote waliokuwa kibandani wakacheka. Yusta ni mimi. Nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili wa pikipiki, na niliona kwenye ukingo wa tundu la katikati vipande vyembamba vya plastiki nyekundu, kama maganda ya karoti. Waya ulikuwa umechubuka wakati wa kuvutwa. Niliona, na sikusema. Nilijiambia kwamba labda nyaya zote huchubuka kidogo, na kwamba fundi lazima ameona.

Siku ya tatu pikipiki ilianza kuzima. Masanja alisafisha kabureta. Ikazima. Akabadili plagi. Ikazima. Baada ya hapo akatangaza kwamba yeye amemaliza kazi yake, na kwamba mama anaachia klachi vibaya. Ofisini walilipokea tangazo hilo kwa furaha ambayo hawakujisumbua kuificha. Kulikuwa na Bwana Sadiki, bwana shamba mwenzake mama, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga jaruba la mpunga bila kulalamikia viatu vyake. Alipenda kusimama barazani mama anapoondoka.

"Mama Yusta, hiyo si cherehani!"

"Cherehani haina mdomo, Sadiki. Ndiyo maana naipenda."

Mama alijibu hivyo kila mara, lakini nyumbani alikuwa kimya. Jambo ninaloona aibu kulikiri ni kwamba mimi mwenyewe nilianza kuwaamini. Nikiwa nimepakizwa nyuma, nilitazama mkono wake wa kushoto kwenye klachi, nikimpeleleza mama yangu kwa niaba ya watu niliowadharau.

Kisha tukazimikiwa katika hifadhi ya wanyama. Mama alikuwa anakwenda kijiji cha Mamba kukagua mbegu za mpunga, akanichukua kwa sababu ilikuwa likizo. Baada ya Sitalike barabara inaingia msituni, na kwenye kona moja ya kushoto injini ikanyamaza. Upande wa kulia, umbali wa kutupa jiwe, walisimama nyati. Walikuwa wengi, wametulia, matope yamewakaukia mgongoni, wakitutazama.

"Usishuke," mama akanong'ona. "Usiwaangalie machoni."

Akapiga kiki. Hakuna kitu. Akapiga tena na tena, jasho likiloanisha mgongo wa blauzi ambao nilikuwa nimeuegemezea shavu. Nilisikia moyo wake ukipiga. Nyati mmoja akainua kichwa, akavuta hewa puani. Mama akaamua tusukume. Akaunyoosha usukani, na kabla hajashuka akajaribu kiki ya mwisho. Injini ikawaka palepale. Hakuna alichobadilisha zaidi ya kuunyoosha usukani.

Tangu siku hiyo nilikuwa na daftari. Kila pikipiki ilipozima niliandika upande: kushoto, kushoto, kwenye geti la nyumbani kushoto, sokoni kushoto. Haikuzima kulia hata mara moja. Nikamkumbuka mama akiizima kila jioni kwa kile kitufe cha kuzimia injini kwenye usukani, na jinsi ukimya wake ulivyokuwa uleule. Nilielewa: usukani ukikatwa kushoto, nyaya zinavutika, ule uliochubuka unagusa chuma kwenye ukingo wa tundu, na pikipiki inadhani imebonyezwa kitufe. Nilikuwa na jibu lote. Nilikaa nalo siku tano. Je, nikikosea? Watasema mama amemfundisha hata mtoto wake kusingizia vyombo.

Mkuu wa ofisi hakungoja. Alisema pikipiki itakabidhiwa kwa Bwana Sadiki siku ya Ijumaa, na mama abaki ghalani kupanga magunia ya mbegu. Wakulima wa Sitalike na Mamba wangetembelewa na Sadiki, maana yake wasingetembelewa na mtu. Ijumaa nilimfuata mama ofisini. Masanja alikuwa ameitwa kuthibitisha kwamba chombo ni kizima. Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi, akaiwasha, gia ikiwa imetolewa, akarudi nyuma akiwa amekunja mikono.

"Sikilizeni mlio huo, wazee. Pikipiki haiumwi. Anayeumwa ni dereva."

Wakacheka. Sadiki alikuwa tayari ameshavaa helmeti. Mama alitazama chini.

Leo nina shahada, na katika vikao huandika hoja yangu pembeni ya karatasi, nikaipunguza makali, nikaifuta, kikao kikaisha. Nimejifunza kuuliza kama ni wakati muafaka, kama kuna mkubwa wa kupitia kwanza, kama nina ushahidi wa kutosha. Watu wa aina ya Masanja sasa wanavaa tai, wanaficha viungo vyao vibovu ndani ya vitu vinavyong'aa, nami nawapigia makofi pamoja na wengine. Msichana niliyekuwa siku ile alikuwa na daftari la kurasa chache tu. Alihesabu mpaka tatu, akashuka barazani.

Niliushika usukani kwa mikono miwili, bila kugusa klachi, bila mtu juu ya kiti. Nikaukata kushoto. Injini ikanyamaza.

"We mtoto, umeshika nini?" Masanja akafoka.

Nikaunyoosha. "Washa, fundi."

Akawasha. Nikakata kulia, ikaendelea kunguruma. Nikakata kushoto, ikanyamaza. Mkuu wa ofisi akasema kwa sauti ya mtu aliyekosewa, "Masanja, toa hizo nyaya nje, zote, hapa hapa."

Mama hakumtazama fundi wala mkuu. Alimwendea Sadiki, akanyoosha mkono.

"Helmeti yangu," akasema.